Jinsi ya Kufuatilia Nasaba ya Kabaila wa Uskoti wa Zama za Kati

Anayetaka kufuatilia maisha ya kabaila wa Uskoti aanze na hati za ardhi, kwa kuwa ziliandikwa wahusika wakiwa hai na mashahidi wakatajwa kwa majina, ilhali sifa za mashujaa zilitungwa baadaye. Tumchukue James Douglas, swahiba wa mfalme Robert Bruce, aliyeuawa Teba, Hispania, mwaka 1330, katika safari ya kuupeleka moyo wa mfalme wake vitani. Visa vyake vingi vimo katika utenzi wa John Barbour wa miaka ya 1370. Usomwe kwa raha zote, lakini usitegemewe kuthibitisha nani alimzaa nani.

Hati ya kukaa nayo kwa muda mrefu ni ya mwaka 1342. Mwana halali wa James, aitwaye William, aliuawa katika vita vya Halidon Hill mwaka 1333, na ardhi ikamwangukia Hugh, ndugu yake James, aliyekuwa mtu wa kanisa. Hugh aliirudisha kwa mfalme David II ili itolewe upya kwa utaratibu huu: kwanza William, mtoto wa Archibald, ndugu yao wa baba mmoja, pamoja na uzao wake wa kiume, wakikosekana, William Douglas wa Liddesdale, naye akikosekana, Archibald mwingine, mtoto wa James wa nje ya ndoa. Kifungu hicho cha mwisho huenda kilionekana cha kujazia tu, mpaka Earl (cheo cha juu cha kikabaila) wa pili wa Douglas alipouawa katika vita vya Otterburn mwaka 1388 bila mrithi halali, na huyo mwana wa nje, ambaye umri ulikwisha kwenda, akawa Earl wa tatu wa Douglas.

Hapo wametajwa akina William watatu, kwa hiyo kila mmoja aandikwe pamoja na baba yake na ardhi yake. Mihuri ya nta nayo husaidia: baada ya safari ya Teba, moyo uliongezwa kwenye ngao ya ukoo, chini ya nyota tatu.

Tarehe zihakikiwe, maana hadi 1600 mwaka wa Uskoti ulianza 25 Machi. Februari 1341 ya hati ni Februari 1342 kwetu. Wanawake nao watafutwe kwa jina la ukoo wa baba, kwani kwa desturi hawakuchukua la mume. Ngome ya Bothwell, kwa mfano, ilimfikia Archibald, yule Earl wa tatu, kwa kumwoa Joanna Moray mwaka 1362.