Kuzunguka Ukerewe na pikipiki wikiendi moja

Wadau wa Mwanza, usianze na kilomita, anza na kivuko, maana ndo kitakupangia safari yote. Ijumaa ulizia ratiba ya kivuko cha Kisorya (upande wa bara) kwenda Rugezi (kisiwani Ukerewe) na ya meli ya Nansio, mji mkuu wa kisiwa, kuja Mwanza, halafu rudi nyuma ukihesabu masaa.

Jumamosi toka alfajiri, Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, hapo ndo unaiacha barabara ya Musoma unakata kushoto kwenda Kisorya. Kisesa kuna makumbusho ya Wasukuma pale Bujora ila usikae sana, yataka siku yake. Ukikaribia Lamadi punguza mwendo jamani, Serengeti inafika mpaka barabarani pale, na pikipiki haziruhusiwi kuingia hifadhini kwahiyo usipoteze muda getini Ndabaka. Bunda jaza tanki full, kaza cheni, angalia upepo wa tairi, ndo mji mkubwa wa mwisho kabla ya kuvuka.

Lala Nansio, kula sato, asubuhi panda kilima cha Handebezyo uone ziwa. Jumapili rudi na meli, pikipiki wahisha mapema ifungwe vizuri kwa kamba.