Jinsi ya kupanga ombi la viza na huduma za kibalozi bila kukwamishwa na sikukuu

Ubalozi hufuata kalenda mbili: ya nchi yake na ya nchi uliko. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam hupumzika kwenye sikukuu za Tanzania, na hupumzika pia Alhamisi ya nne ya Novemba kwa ajili ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, siku ambayo ofisi nyingine zote mjini ziko kazini. Waombaji wengi hukagua kalenda moja tu, wakakuta geti limefungwa.

Hatua ya 1: Chukua orodha ya ubalozi wenyewe

Balozi nyingi huweka orodha ya sikukuu za mwaka kwenye tovuti zao. Itumie hiyo, si kalenda ya ukutani, kwa sababu zipo balozi zisizofunga kila sikukuu ya nchi mwenyeji, na nyingi za Ulaya hufunga pia Desemba 24 na 31. Angalia na siku za dirisha: ofisi yaweza kuwa wazi wiki nzima huku maombi ya viza yakipokewa asubuhi za siku chache tu.

Kama unapeleka maombi kwenye kituo cha wakala, mfano VFS Global, kumbuka kwamba kituo hupokea tu. Uamuzi hutoka ubalozini. Kituo kikiwa wazi na ubalozi umefungwa, pasipoti yako haisogei.

Hatua ya 2: Linganisha wikiendi

Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Emarati tangu Januari 2022 hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ofisi za serikali hufanya kazi nusu siku. Kwa hiyo Mtanzania aliyeko Muscat, Oman, anayesubiri jibu kutoka Dodoma ana siku 4 tu ambazo pande zote mbili ziko kazini: Jumatatu hadi Alhamisi. Sikukuu moja ikiangukia hapo, zinabaki 3.

Hatua ya 3: Hesabu kuanzia siku ya safari kurudi nyuma

Kwanza jua unahesabiwa siku gani. Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, huamuliwa ndani ya siku 15 za kawaida, wikiendi zikiwemo, na muda huo waweza kufika siku 45 ombi likihitaji uchunguzi zaidi. Ombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho wa kawaida ni siku 15 kabla. Huo mwisho usiutegemee hata kidogo. Nchi nyingine na huduma nyingi za kibalozi huhesabu siku za kazi, na hapo ndipo sikukuu huuma.

Tuchukue Desemba 2026 Dar es Salaam, huduma ya siku 10 za kazi, kwenye ubalozi unaofunga Desemba 24. Ukiwasilisha Jumatatu tarehe 7, utaruka tarehe 9, Siku ya Uhuru, na jibu litaangukia Jumanne tarehe 22. Ukiwasilisha Alhamisi tarehe 10, utakutana na tarehe 24 na 25, na jibu litakuwa Jumatatu tarehe 28. Umechelewa siku 3, umelipa 6. Mwenye tiketi ya tarehe 23 hapo ameshaikosa ndege.

Ukishapata tarehe yako, ongeza wiki mbili. Foleni ya miadi hujaa kabla ya likizo, na mafaili hurundikana baada yake.

Hatua ya 4: Acha nafasi ya sikukuu za mwezi

Idd hutegemea mwandamo, na nchi mbili zaweza kusherehekea siku tofauti. Usiweke miadi ndani ya siku mbili kabla au baada ya tarehe inayotarajiwa. Kenya nayo ina kanuni yake: sikukuu ya kitaifa ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata huwa mapumziko.

Hatua ya 5: Angalia nyaraka zisipitwe na wakati

Miadi ikisogezwa, taarifa ya benki uliyochapisha mapema huwa imezeeka. Ichapishe wiki ya miadi. Kwa Schengen, pasipoti iwe na angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko, kurasa 2 tupu, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Nchi nyingi nyingine hudai miezi 6. Ukiishi ughaibuni, anza kuomba pasipoti mpya ikibaki miezi 9 hadi 12, maana alama za vidole hazichukuliwi kwa barua.

Hatua ya 6: Weka namba ya dharura kabla hujaihitaji

Ukiwa ughaibuni, weka namba ya ubalozi wa nchi yako: balozi nyingi huwa na afisa wa zamu siku za mapumziko. Yeye ni wa kifo, kukamatwa, ajali, au pasipoti iliyopotea na safari iko mlangoni. Viza iliyochelewa hataishughulikia.

Msiba ukitokea sikukuu, mpigie mara moja, lakini usikae kumsubiri. Siku hiyohiyo anza kukusanya cheti cha kifo kutoka hospitali, pasipoti ya marehemu na nakala ya kibali chake cha ukazi, na uulizie cheti cha kuhifadhi mwili, yaani kuutia dawa usiharibike. Karatasi hizo zikiwa tayari, ubalozi ukifungua utabakiwa na barua yake tu ya kuruhusu mwili usafirishwe. Zisipokuwepo, familia huanza upya asubuhi ile ambayo foleni ni ndefu kuliko zote.