Lenzi pana sana ufukweni Kibirizi: sogea karibu

Wengi wanaopata lenzi pana sana kwa mara ya kwanza hapa Kigoma hupanda nayo kilimani, wakiamini kwamba italiingiza Ziwa Tanganyika lote ndani ya picha pamoja na milima ya Kongo ng'ambo. Kinachotoka ni maji mengi, anga tupu, na milima iliyonywea mpaka kuwa uzi mwembamba. Lenzi ya milimita 16, kwenye kamera yenye sensa kubwa (yaani kipokea mwanga chenye ukubwa wa filamu ya milimita 35), huona takriban nyuzi 107 kutoka pembe hadi pembe, na kwa upana huo kilicho mbali hudogoshwa, huku kilicho karibu kikikuzwa. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria ziwa, tafuta kitu cha kuweka mbele.

Shuka Kibirizi asubuhi, dagaa wanapoanikwa. Mwombe mwenyewe kwanza: "Shikamoo mama, naomba kupiga picha ya dagaa wako." Akikuruhusu, piga goti mpaka lenzi iwe kama sentimita 40 kutoka kwa dagaa wa mbele. Hapo utaona jicho la kila samaki na mng'ao wa fedha ubavuni mwake, na wale wa nyuma watazidi kuwa wadogo kuelekea kwenye mitumbwi na maji. Sogeza kamera shibiri moja tu, mpangilio wote hubadilika. Mimi hutumia muda mrefu zaidi kwenye hatua hii kuliko nyingine yoyote, na sioni namna ya kuifupisha.

Ili picha iwe kali tangu mbele hadi ng'ambo, weka tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, kwenye f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo) na ulenge fokasi kwa mkono kwenye umbali wa sentimita 80. Kwa milimita 16, vitu vyote kuanzia sentimita 40 hivi vitaonekana vizuri.

Angalia kivuli chako. Asubuhi jua hutokea nyuma ya vilima, nalo ziwa liko magharibi, hivyo ukilielekea kivuli chako kitalala juu ya dagaa, kichwa na mabega. Nimeharibu picha nyingi kwa njia hiyo kabla ya kuzoea kugeuka kaskazini au kusini, nikafuata ufuko ili jua linijie ubavuni, ambako pia huchora vizuri umbo la kila samaki.

Mtu usimweke pembeni mwa fremu, kwani uso wake utavutwa. Mweke karibu na katikati. Mbele ya majengo, usiinue kamera, la sivyo kuta zitaegemea nyuma.

Ukirudi jioni, jua huzama karibu saa moja. Funga tundu hadi f/16 ili jua litoe miale, na ufute kioo cha lenzi kila mara, kwa sababu tone moja la maji ya ziwa likipigwa na mwanga huo huacha doa kubwa katikati ya anga.