Opereta wa mtambo: jinsi ya kupima kama kazi yako itachukuliwa na mashine inayojiendesha, na cha kufanya kuanzia sasa

Vijana wengi wananiuliza hivi kuna haja gani ya kwenda kusomea kijiko, yaani mashine ya kuchimba, au greda ya kusawazisha barabara, wakati video zimejaa za buldoza inasukuma udongo na kwenye kebini hakuna mtu. Ni swali la haki kabisa maana ada ya chuo mzazi anauza mpaka ng'ombe. Jibu langu ni kwamba kuna kazi za opereta zimeshaondoka na hazirudi, na kuna nyingine hazitaondoka leo wala kesho, shida ni kwamba zote tunaziita jina moja. Kwaiyo usiulize kama mashine itachukua kazi ya maopereta, uliza kama itachukua hii ya kwako, na kuipima unaweza mwenyewe ukiwa hapo hapo saiti.

Kwanza angalia ni wapi imeshatokea. Malori makubwa ya mgodini ndio yalitangulia, kampuni ya Komatsu ya Japani iliyaingiza kazini mwaka 2008 kwenye mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral kule Chile, halafu kampuni ya madini ya Rio Tinto ikayapeleka Pilbara, Australia, na wanaoyasimamia wamekaa Perth kama kilomita 1,500 kutoka mgodini. Mei 2025 Wachina wamezindua malori 100 ya umeme yasiyo na dereva kwa mpigo mmoja kwenye mgodi wa makaa wa Yimin, Inner Mongolia. Na usidhani ni mambo ya mbali tu, hapo Kibali kaskazini mashariki ya Kongo kwenye mgodi wa dhahabu kuna loda za chini ya ardhi zinabeba mawe zenyewe, mtu mmoja amekaa juu kwenye kiti anasimamia mashine kadhaa.

Sasa jiulize kwa nini ni mgodini. Njia ni ile ile mwezi mzima, kumezungushiwa uzio, hakuna anayeingia bila ruhusa, kazi inaenda usiku na mchana, na lori moja likisimama nusu saa wakati wa kubadilisha shifti ni hela nyingi inapotea. Hayo mambo yakikutana sehemu moja mfumo unalipa gharama yake haraka. Halafu chukua saiti ya mtaro wa maji katikati ya mji wetu, bodaboda anapenya pembeni ya kijiko, mama ntilie anakatiza na chakula cha mafundi, chini kuna bomba la zamani ambalo kwenye ramani halipo kabisa, na opereta anajua amegusa kitu kwa sababu amesikia mlio umebadilika na mkono umehisi, anasimamisha kabla hajakata maji ya mtaa mzima. Hiyo kazi mashine bado sana.

Kwaiyo jipime hivi. Chukua siku moja ya kawaida uangalie mizunguko yako, kama kutwa nzima unabeba moramu kutoka pointi moja kwenda nyingine kwa njia ile ile, au unashindilia leya (tabaka la udongo) juu ya leya kwenye eneo lililofungwa, wewe uko karibu na moto. Kule Akita, Japani, kampuni ya Kajima kwenye ujenzi wa bwawa la Naruse imetumia buldoza, rola za kushindilia na tipa zinazojiendesha, na ukitazama ni kazi hizo hizo za kumwaga, kusambaza na kushindilia. Kama kila saa unaamua jambo jipya, unakwepa nguzo, unafungua mtaro kwenye udongo usioujua, unapakia tipa ambayo dereva kaipaki vibaya, uko mbali na moto. Halafu angalia mtambo wenyewe, kama ni wa miaka mingi, umeletwa used kutoka Japani au Dubai na mikono yake ya kuongozea inaendesha haidroliki bila kupitia kompyuta, kuufanya ujiendeshe ni kuubadilishia vali, sensa na waya, na bosi wako hawezi kutia hela hiyo kwenye mashine ya namna hiyo. La mwisho angalia mwenye kazi. Japani serikali yenyewe ndio inasukuma tangu 2016 kwa sababu maopereta wamezeeka na vijana hawatoshi, sisi huku vijana wamejaa getini wanatafuta kibarua, na mshahara wa opereta ukiuweka pembeni ya bei ya mfumo mzima kontrakta mdogo wala hapigi hesabu mara mbili.

Ila usilale, na hapa ndipo naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu wanasubiri siku ya kuja mashine isiyo na mtu wakati kinachowapunguzia hela kimeshafika na kina mtu ndani. Naongelea ile sistimu ya GPS, inayojua mashine iko wapi kwa kutumia setilaiti. Kwenye mashine zinafungwa antena, kwenye bumu (ule mkono mkubwa wa juu), mkono na baketi zinafungwa sensa, saveya (mpima ardhi) anaingiza mchoro wa 3D, na opereta anaona kwenye skrini amebakiza sentimita ngapi kufika levo, yaani kimo kinachotakiwa. Komatsu walileta buldoza ambayo bledi (lile bamba la mbele) inajipandisha na kujishusha yenyewe mwaka 2013, mwaka uliofuata wakaleta kijiko ambacho kinakataa kuchimba kuzidi levo. Ukiwa na hiyo huhitaji pegi (vijiti vya alama ya levo) kila mita kumi, kwaiyo wa kwanza kukosa kazi ni yule kijana anayemshikia saveya stafu, ile fimbo ya kupimia levo. Wa pili ni fundi wa fainali, yaani wa kumalizia usawa, yule mzee wa greda anayesubiriwa na saiti nzima kwa sababu jicho lake peke yake ndio linatoa levo, anakuta kijana wa mwaka mmoja na skrini anatoa levo ile ile, mzee anabaki na kazi lakini ile bei yake ya peke yake haipo tena. Mimi hilo linaniuma sana, maana ujuzi ule umechukua miaka mingi kuujenga, na dawa yake ni moja, mzee aikamate hiyo skrini kabla ya kijana, kwa sababu akiwa na vyote viwili hakuna wa kumgusa.

Unaikamataje? Anzia kwa saveya. Mwombe akuonyeshe bench maki (alama yenye levo inayojulikana) iko wapi, akufundishe kusoma mchoro wa kukata na kujaza udongo, cheineji (umbali kutoka mwanzo wa barabara), mteremko wa barabara, hivyo hata kwenye kijiko cha zamani vinakusaidia. Ukipata mashine yenye sistimu, kila asubuhi kabla ya kuanza weka meno ya baketi juu ya pointi inayojulikana levo yake, linganisha na skrini, zikipishana usichimbe kwanza, mwite saveya. Meno yakilika skrini inadanganya kwa kiasi kile kile yaliyolika, kwaiyo lazima yapimwe na namba ibadilishwe, na ukiwa chini ya miti mikubwa au pembeni ya jengo refu setilaiti zinapotea, hapo unarudi kwenye jicho na pegi. Opereta anayejua ni saa ngapi asiiamini skrini ndiye anayetafutwa.

Jambo lingine, mashine nyingi mpya zinatuma taarifa ofisini muda wote, Komatsu wana mfumo wao unaitwa Komtrax, kampuni ya Caterpillar nayo ina wake, bosi akiwa Dar anaona mtambo uliopo Kigoma umeunguruma masaa mangapi bila kufanya kazi na umekula dizeli kiasi gani. Usiichukie, itumie. Zima injini ukisubiri tipa, na mradi ukiisha omba ripoti ya mashine yako, ukienda kuomba kazi kwingine hiyo inaongea kuliko maneno. Weka na daftari lako la masaa, mashine gani, kazi gani. Vyeti usipuuzie, Tanzania pitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, Kenya kuna mitihani ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na chuo cha barabara na ujenzi cha KIHBT.

Kwa wewe ambaye hujaanza kabisa, usisomee tipa peke yake, ndio ya kwanza kuguswa. Soma kijiko na greda, na ukiweza ongeza umeme wa magari, maana sensa na waya vikiwa kwenye vumbi letu na mvua zetu vitaharibika na atatakiwa mtu wa kuvitengeneza hapo hapo porini. Walio migodini jifunzeni kompyuta na kuongea kwenye redio kwa kifupi na kwa kueleweka, chumba cha kusimamia malori kinahitaji watu wanaolijua shimo, na anayelijua ni yule aliyeendesha mle.

Na ukisikia kampuni imeagiza mashine mpya usisubiri kuitwa. Wakala akileta mtambo huwa anatoa mafunzo ya siku chache na wanaoandikwa mara nyingi ni wale wale walio karibu na ofisi, kwaiyo mfuate forman, muulize orodha iko kwa nani, jina lako liwepo kabla mashine haijashuka kwenye lobedi, yaani trela linaloileta.