Vile ya kuishi na matineja wa ploti bila kuwashuku kila kitu kikipotea

Likizo ya Agosti ikifika huku Kaptembwo, Nakuru, ploti, hizi nyumba za kupanga za pamoja, zinajaa, watoto wa sekondari wamerudi, wanakaa kwa ngazi na simu zao, na wiki haiishi kabla mtu hajasema kitu chake kimepotea. Hapo macho yote yanaenda kwa hao vijana.

Mimi mwenyewe nilikosea vibaya. Mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 ulipotea mlangoni, nikasimama kwa bomba asubuhi watu wakichota maji nikasema kwa sauti ni yule kijana wa mlango namba 7. Sikuwa nimemuona na mtungi, sababu zangu zilikuwa tu ati ameanza kufuga dredi na anapenda kusimama steji na watu wa boda. Mamake akainua godoro, akamwaga begi ya shule chini, vitabu vya hesabu, soksi, kipande cha sabuni, na mtoto amesimama tu hapo mlangoni mikono nyuma bila kusema kitu. Jioni ndugu yangu akanipigia, ni yeye aliupeleka kujazwa.

Sasa kitu kikipotea fanya hivi. Kwanza pigia kila mtu mwenye ufunguo wa nyumba yako, na watu wenu wote, kabla hujafungua mdomo nje. Jikumbushe ni saa ngapi uliona hicho kitu mwisho. Halafu ukitoka uliza "kuna mtu ameona mtungi wangu?", usiulize "nani ameiba", na uanze na watu wazima. Tineja muulize kama shahidi, juu yeye ndio anashinda hapo mchana wote na anajua nani aliingia na nani alitoka kuliko sisi tunaorudi saa moja usiku.

Chunga pia majina. Hapa kwetu ukimwita kijana "Confirm" unamaanisha genge, na naelewa woga ulitoka wapi, 2022 wanawake waliuawa huku upande wa Mawanga na watu wakawa wanafunga milango mapema. Lakini hilo jina likishabandikwa mtoto wa miaka 15 halitoki, linafika kwa mwenye duka, kwa soja wa geti, kwa chifu, na siku kukiwa na msako yeye ndio wa kwanza kuonyeshwa kidole. Kama hujaona kitu kwa macho yako usitaje genge, hata kwa mzaha.

Hii ya kulala mpaka saa nne asubuhi na ati ni uvivu, jueni mtoto akibalehe usingizi wake unachelewa, usiku haumjii mapema, na shuleni wanaamshwa alfajiri muhula mzima. Mwache alale siku mbili tatu halafu mpange kazi za nyumba. Na ile sehemu ya mbele ya ubongo, ya kujizuia na kupima mambo, ndio inakomaa mwisho kabisa, inafika mpaka miaka ya ishirini na kitu, so akikujibu vibaya ngoja mpoe wote wawili ndio mwongee. Nywele na nguo achana nazo, hazijawahi kuiba mtungi.

Kama kijana wako ameshikwa na polisi, usikae nyumbani ukisema "wacha ajifunze". Nenda kituoni usiku huo huo na cheti chake cha kuzaliwa, juu aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho na wanaweza kumuandika kama mtu mzima. Uliza ameandikwa kosa gani na uchukue namba ya OB, kile kitabu cha kuandika matukio pale kituoni. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema mtoto anafungiwa tu kama hakuna njia ingine, kwa muda mfupi, na asiwekwe na watu wazima, kwa hivyo uliza kwa heshima lakini bila kuogopa analala wapi. Anafaa kufikishwa kortini ndani ya masaa 24, na kama hayo masaa yameishia wikendi, siku ya korti inayofuata. Mwambie asikubali kosa ambalo hakufanya ndio tu aachiliwe. Na kama ni wa chini ya miaka 12, Sheria ya Watoto ya 2022 inasema hawezi kushtakiwa na uhalifu. Ukikwama piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure.

Na ukishagundua ulimsingizia, hapa ndio wengi wetu tunaharibu. Mimi nilienda kwao usiku, nikaomba msamaha ndani ya nyumba, mlango umefungwa, nikaona nimemaliza. Lakini yule kijana akaanza kuchota maji saa tano usiku watu wakiwa wamelala. Ilinichukua karibu wiki mbili kuelewa kwamba nilimchafua mbele ya ploti nzima na nikamsafisha gizani. Kwa hivyo omba msamaha mahali pale pale ulipomshtaki, watu wale wale wakisikia, na utaje jina lake. Nilifanya hivyo Jumamosi asubuhi kwa bomba. Alisema tu "ni sawa auntie", akasukuma jerikani yake ikaingia laini ya maji.