Jinsi ya kupanga likizo kwa ukongwe kazini bila watu kununiana mwaka mzima

Ikifika Novemba pale kiwandani kwetu ubao wa matangazo unakuwa na watu kuliko kantini, kila mtu anatafuta jina lake liko namba ngapi kwenye orodha ya likizo. Mimi ni katibu wa tawi la chama, kazi yenyewe ni kukata minofu ya sangara hapa Mwanza, na huu mfumo wa kuchagua likizo kwa ukongwe, yaani aliyetangulia kuajiriwa anatangulia kuchagua, tumeuendesha mwaka wa tatu sasa. Nimeulizwa na watu wa viwanda vingine mara nyingi mpaka nimeona niuandike wote, maana ukielezea juujuu kwenye daladala ya Igoma mtu anaelewa nusu afu anaenda kuharibu kwao.

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Siku huna shida nazo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 za mfululizo kila mzunguko wa miezi 12, na malipo yako. Tarehe ndo hujapewa. Sheria inasema mwajiri ndo anapanga lini uende, ilimradi isizidi miezi 6 baada ya mzunguko wako kuisha, au miezi 12 kama umekubali na kazi kweli inabana. Hapo ndo supavaiza anapopatia utawala wake. Zamani kwetu Desemba ilikuwa ya wale wanaojua kumpelekea mtu soda, mimi miaka 2 mfululizo nilipewa Februari wakati nimeomba Juni nikamsaidie mama kuvuna mpunga Magu, na nikiuliza naambiwa "kazi inabana". Inabana kwangu tu.

Wazo tulilitoa kwa shemeji yangu mmoja anayesambaza barua Chicago. Kwao Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa likizo ya mwaka yenye malipo, kwahiyo vyama ndo vilipigania siku zenyewe na namna ya kuzigawa, wafanyakazi wa reli wana mkataba wao wa likizo wa kitaifa tangu Desemba 1941. Kwa wabeba barua ukiwa na chini ya miaka 3 kazini unapata siku 13 kwa mwaka, miaka 3 mpaka 15 siku 20, kuanzia hapo 26. Afu kuna msimu ambao kila mtu anautaka, wanapita na orodha kwa tarehe ya kuajiriwa, mkongwe anachagua kwanza, lakini ana kikomo: mwenye siku 13 anachukua mpaka 10 ndani ya ule msimu, mwenye 20 au 26 mpaka 15, zinazobaki anazitafutia miezi mingine. Hicho kikomo ndo roho ya mfumo mzima, bila hicho wazee wanne wanafagia kila kitu.

Sasa huku kwetu ukitaka uwe na nguvu lazima uingie kwenye mkataba wa hali bora, ule ambao chama kinasaini na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi wote. Usikubali "tutajaribu kwa kuelewana", HR, yaani afisa utumishi, akihama kuelewana kunahama naye. Kama chama chenu kina zaidi ya nusu ya wafanyakazi na kimetambuliwa, mkataba ukishasainiwa unamfunga mwajiri na unawahusu hata wale wasio wanachama, kwahiyo hata yule jamaa anayelalamika makato ya ada kila mwezi naye anaingia kwenye foleni kwa tarehe yake. Kipengele chenyewe kinaweza kuwa kifupi tu, kwamba mwajiri anatumia haki yake ya kupanga tarehe kwa kufuata orodha ya ukongwe ya idara, na idadi ya nafasi kila wiki ni kadhaa. Hiyo kadhaa ndo pa kukomaa.

Chukua kalamu. Laini yetu ya kukata minofu ina watu 24, kila mmoja wiki 4, hizo ni wiki 96 za kuondoka kwa mwaka. Mwaka una wiki 52. Ukiruhusu mtu mmoja kwa wakati haitoshi hata kidogo, ukiruhusu wawili unapata nafasi 104, zimebaki 8 tu za kupumulia. Menejimenti wakaja mezani na sura ya upole wanasema wanaomba wiki 6 zifungwe, asiende mtu, maana kabla ya Pasaka oda za Ulaya zinapanda. Inaonekana ndogo eti? Wiki 46 mara 2 ni 92. Tunadaiwa 96. Yaani kuna mtu tayari hana likizo na bado hatujaanza kuchagua, na ukongwe ukitumika unajua kabisa ni nani, ni yule dada wa mwisho kwenye orodha. Tulimwonyesha HR hesabu hiyo nyuma ya fomu ya likizo, akaipiga tena kwenye simu yake mara mbili, akanyamaza.

Mwaka wa kwanza tulikosea kitu kingine. Tuliacha kila mtu aanze wiki yoyote anayotaka, na wakongwe wakajipachika katikati katikati, mwishoni tukabaki na mashimo ya wiki mojamoja, huku wiki, kule wiki, na watu wa chini wakapewa likizo vipandevipande wakati sheria inasema za mfululizo. Ukitaka kugawa iwe kwa makubaliano ya mtu mwenyewe na iandikwe. Dawa tuliyopata ni madirisha: gawa mwaka kwa wiki 4, yanapatikana madirisha 13, kila moja watu 2, jumla nafasi 26. Kwa ajili ya hizo oda za Ulaya tukakubali dirisha la 3 litoke mtu mmoja, zikabaki 25 kwa watu 24, wote tumeenea na kuna moja ya akiba.

Baada ya hapo orodha. Watu wanadhani kuandika orodha ya ukongwe ni kazi ya dakika tano, ngoja uanze. Tarehe ipi inahesabika, ya siku ulioingia kibarua getini au ya siku ulipopewa mkataba? Kwetu kuna mama alifanya kibarua miaka 4 kabla ya mkataba, ukihesabu ya kibarua yupo namba 5, ukihesabu ya mkataba ni namba 16. Tulibishana vikao vitatu tukaamua siku ya kwanza ya kibarua kama hakukatika zaidi ya miezi 6, nyie mtaamua yenu ila muamue kabla ya kujua inamgusa nani, ukishajua majina kila mtu anakuwa mwanasheria. Aliyehama kutoka idara nyingine anakuja na ukongwe wake au anaanza chini? Kwenye mashirika ya ndege ya Marekani rubani akipanda kuwa kepteni wa ndege kubwa anaweza kujikuta ni wa chini kwenye kundi hilo, maana anashindana na makepteni wenzake waliomtangulia, kwahiyo kuna watu wanakataa kabisa kupanda ili wabaki na sikukuu zao. Sisi mhamiaji anakuja na tarehe yake ya kampuni ila mwaka wa kwanza anachagua wa mwisho.

Na walioajiriwa siku moja je? Sisi tulikuwa 7, tulisaini mkataba asubuhi moja. Kuna vyama wanatumia tarehe ya kuzaliwa, sisi tukasema bahati nasibu, hakuna kofia, dada mmoja akavua buti lake jeupe la mpira, tukatia vikaratasi 7 humo ndani, vikatoka vimelowa na vinanuka samaki, mimi nikavuta namba 3. Hiyo namba ni ya kudumu, msirudie kila mwaka mtachoka.

Siku ya kuchagua sisi tunaweka wiki ya pili ya Novemba, rosta ya mwaka mpya haijatoka bado. Kila mtu ana dakika 10 mbele ya ubao, mkuu wa laini yupo, mtu wa chama yupo, unaandika jina kwa peni na unasaini, penseli hapana. Ukiwa shifti ya usiku au unaumwa unamwachia mwakilishi karatasi yenye chaguo kama 5 kwa mpangilio, sio moja, mwaka jana mzee mmoja aliandika "Desemba" tu, Desemba ilikuwa imekwisha mbele yake, mwakilishi akabaki amekodoa macho. Asiyetokea wala kutuma karatasi anarukwa, akija anachagua katika yaliyobaki, hasogezwi mtu.

Hapa sasa nakwambia namna ya kuchagua vizuri, na hii wakongwe wenyewe wengi hawaijui. Kwa sheria yetu zile siku 28 zinahesabiwa pamoja na sikukuu iliyoangukia ndani, hurudishiwi. Chukua 2026, Jumatatu ya kwanza ni Januari 5, ukipiga madirisha kutokea hapo la 13 linaanza Desemba 7 mpaka Januari 3. Ndani yake kuna Desemba 9, Krismasi, Desemba 26 na Mwaka Mpya, sikukuu 4 ambazo ungepumzika tu hata bila likizo, au ungefanya kazi ukalipwa mara mbili. Umezichoma. Dirisha la 4 nalo ni hivyohivyo, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Karume na Muungano zote humo. Yasiyogusa sikukuu hata moja mwaka huo ni la 2, la 10 na la 12, basi. Mtu wa namba 20 anayelilia Desemba wakati dirisha la 12 linamwangalia mimi huwa nashindwa kumwelewa, unaondoka Novemba 9 unarudi Desemba 7, keshokutwa yake Uhuru upo nyumbani tena. Sawa, kama familia yote inakutana Ukerewe Krismasi hilo ni jambo lingine, pesa sio kila kitu.

Waislamu wenzangu angalieni kalenda kila mwaka, Idd inarudi nyuma siku kama 10 au 11, dirisha lililokufaa safari hii baada ya miaka mitatu minne halina Idd tena. Wenye watoto shule wanawinda la 6 kwa ajili ya likizo ya Juni na wakulima wa mpunga wanalitaka hilohilo, kwahiyo hapo ndo ugomvi wetu mkubwa ulipo, sio Desemba. Na kabla ya siku yenyewe pita uwaulize waliokutangulia. Nilimfuata mzee wa namba 2, nikamwamkia shikamoo mzee, akasema marahaba, mimi Juni sina shida nayo mwanangu, huwa naichukua kwa mazoea tu. Kumbe. Neno moja tu limenipatia mavuno.

Kuna wanaosema ukongwe unawaonea vijana, na ni kweli kwa sehemu, dada mwenye watoto wawili wa shule hatapata Juni mpaka watoto wamalize. Sisi tumeweka kwamba dirisha la 6 na la 13 ukilichukua mwaka huu mwakani huruhusiwi kulichukua mpaka orodha iishe. Wazee walinuna, mmoja hakunisalimia mpaka Pasaka. Lakini kuutupa ukongwe wote eti twende kwa "busara ya mkuu wa laini" hapana, tarehe ya kuajiriwa haijui soda wala kabila wala nani anatoka kijiji kimoja na bosi.

Kubadilishana tunaruhusu, wote wawili wasaini na HR agonge muhuri. Ila ukiachia dirisha bila kubadilishana, labda umeacha kazi au umejifungua mapema, halirithiwi na rafiki yako, linarudi ubaoni na linatangazwa kwa ukongwe upya siku 5. Hapa ndo ujanja mwingi hupita. Na mwajiri hawezi kukuhesabia siku za ugonjwa au uzazi kama likizo ya mwaka, ukiona hivyo lipeleke kwa mwakilishi siku hiyohiyo.

Ubao ukijaa upige picha kabla hamjatoka chumbani, kila mtu kwenye simu yake, afu nakala zisainiwe, moja HR moja chama. Angalieni pia mtu ambaye dirisha lake linazidi miezi 6 tangu mzunguko wake uishe, huyo ajaze fomu ya kukubali, msingoje mkaguzi aje aseme. Kampuni ikikugeuzia tarehe baadaye, kipengele chetu kinasema iwe dharura, kwa maandishi, na warudishe nauli uliyokwisha kulipa, maana mwenzetu alishakata tiketi ya meli ya Bukoba akaambiwa asubuhi asiende. Wakikataa mnaanza na kikao cha ndani, kikishindikana ubishi wa tafsiri ya mkataba unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hamuhitaji kugoma kwa ajili ya wiki 4.

Fomu ya likizo ya kawaida bado unajaza wiki 3 kabla, usisahau, ubao peke yake haumwambii mhasibu chochote. Mimi safari hii niko namba 9 na nimelishika la 6, mama ameshaambiwa, kasema nije na mundu wangu.