Reli ya treni ya mfano ikipita ukingoni mwa meza

Kwa treni za kipimo cha HO (1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko treni halisi), usipige msumari wa reli karibu na ukingo kabla ya kupitisha behewa lako refu kuliko yote likiwa na penseli. Ifunge kwa selotepu kwenye kona ya nje ya behewa, ncha iguse meza, kisha lisukume taratibu kwa mkono kwenye kona nzima. Mstari unaochorwa ndio upana halisi wa treni: kwenye kona ncha za behewa hutokeza nje na tumbo lake huingia ndani, kwa hiyo kupima kutoka kwenye reli pekee hudanganya. Kwa behewa la milimita 300 kwenye kona ya nusu kipenyo milimita 450, ncha hufika karibu milimita 29 kutoka katikati ya njia.

Nje ya mstari huo acha milimita 10, halafu, ili treni isianguke mezani, simamisha ukuta wa akriliki (plastiki ngumu) wa unene wa milimita 3, uzidi usawa wa reli kwa milimita 50 hivi. Ufunge kwa skrubu ubavuni mwa meza. Tundu la akriliki liwe pana kidogo kuliko skrubu, la sivyo hupasuka.

Ukuta mfupi ni mbaya: kichwa kizito cha treni hupinduka juu yake. Na kama meza ni ya povu, skrubu hazishiki. Gundisha kwanza ubao wa plaiwudi ubavuni. Maungio ya reli nayo yaweke mbali na ukingo, maana mabehewa hupenda kuacha njia hapo.